Wakuu, chesi ni mchezo wa akili au wa mwili? Raundi ya 5 na ya 6 zinanimaliza kila mara

#1 Ngome Mbovu
Habari zenu wakuu. Huu mwaka wa nne nacheza chesi, mashindano yetu haya ya wikiendi hapa Dar: raundi 3 Jumamosi, raundi 3 Jumapili. Jumamosi mimi ni mtu mwingine kabisa, natoka na pointi 2, siku nyingine 2 na nusu. Jumapili baada ya chakula cha mchana nageuka mzigo.

Majuzi raundi ya 5 nilikuwa mbele kwa ngome nzima. Ngome, siyo askari. Mpinzani ni dogo wa kidato cha tatu, anatafuna karanga. Nikaona malkia wangu kaguswa na farasi. Nikajiambia kimoyomoyo, "malkia huyo, mtoe." Halafu mkono ukaenda ukasogeza askari wa pembeni. Hadi leo sijui nani aliupeleka ule mkono. Dogo hakumla hapohapo, alinitazama kwanza usoni. Nadhani alihisi mtego.

Mchana ule nilikuwa nimekula chipsi mayai na soda ya baridi. Usiku wake nililala saa nane, nacheza michezo ya dakika 3 kwenye simu. Nina miaka 34, kitambi kinakuja, ngazi za ghorofa ya tatu nafika nahema.

Hoja yangu: kwa watu wa kiwango chetu, mazoezi ya asubuhi yanaongeza kiwango kuliko kukariri ufunguzi, zile hatua za mwanzo wa mchezo. Kuna aliyejaribu?

#2 Mla Ubongo
Natandika mkeka hapa. Kumbe malkia kauawa na chipsi mayai.

#3 Askari Mmoja
Mkuu, mimi nafundisha watoto chesi huku Arusha. Ulichoeleza hakihusiani na kitambi. Ni mkono kutangulia jicho. Watoto wangu nawaambia "kalia mikono" mpaka umalize kutazama. Dawa nyingine: andika hatua yako kwenye karatasi kwanza, itazame, ndiyo ucheze. Kimbia hata hadi Moshi, mkono ukiwa na haraka utampoteza malkia tu.

#4 Mkimbiaji wa Ngong
Salamu kutoka Nairobi. Mimi ni ushahidi unaotembea. Mwanzo wa 2024 kiwango changu kilikuwa 1400 kwenye orodha ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Januari hiyo nikaanza kukimbia, kilomita 5, mara tatu kwa wiki. Leo ni 1640. Pointi 240! Na kitabu cha ufunguzi sijafungua hata kimoja. Kwanza ni pumzi, mengine yatajileta.

#5 Kijana wa Mabibo
#4 umenena. Watu hawajui kwamba grandimasta, mchezaji wa cheo cha juu kabisa, anachoma kalori 6,000 kwa siku akiwa amekaa tu. Karpov alipungua kilo 17 kwenye mechi ya ubingwa wa dunia na Kasparov mpaka wakaisimamisha. Na Carlsen, yule bingwa wa dunia wa zamani, ana mpira, ana mazoezi ya viungo, chakula chake kinapangwa. Huu ni mchezo wa mwili, anayebisha abishe.

#6 Daktari Kivuli
Nabisha, ila kwa upole.

Ile mechi ilianza Septemba 1984 Moscow, ikasimamishwa Februari 15, 1985 baada ya michezo 48, sare 40. Kilo zinazotajwa siku zote kwa Karpov ni kama 10, hiyo 17 sijui umeipima kwa mzani gani. Na 10 kwa mtu mwembamba kama yule ni nyingi mno. Alikuwa mbele 5–0, bado ushindi mmoja tu atwae mechi. Miezi ikapita haupati, Kasparov akashinda mitatu, miwili ya mwisho mfululizo, ndipo rais wa FIDE Campomanes akaingilia. Karpov alikuwa na miaka 33, Kasparov 21. Hapo anayetaka kusema "mwili" ana mfano mzuri.

Ila kalori 6,000 zimekuzwa. Maneno hayo yalisambaa kwa jina la Sapolsky, profesa wa Stanford. Kipimo kinachotajwa pamoja nayo ni cha 2018: Mikhail Antipov, grandimasta wa Urusi, alivalishwa kifaa cha mapigo ya moyo, kikasoma kalori 560 kwa saa 2. Sasa kifaa kile kinakisia kalori kutokana na mapigo. Moyo ukienda mbio kwa hofu, chenyewe kinadhani unakimbia. Mvalishe mtu kifuani siku ya matokeo ya mtihani uone kitakavyosema.

Ubongo wenyewe unatumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku nzima, ufikiri au usifikiri tofauti ni ndogo. Gawanya: gramu 5 kwa saa. Kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mchezo wa saa nne ni vijiko vinne.

#7 Mla Ubongo
Vijiko vinne ndiyo kikombe kimoja cha chai ya mama mkwe. Tuendelee.

#8 Jirani wa Berlin
#3 mwalimu, kwa heshima: kuandika hatua kabla ya kuicheza kunakatazwa na sheria za FIDE siku nyingi sasa. Unacheza, ndipo unaandika. Kuna mambo machache yanayoruhusiwa, kama kudai sare. Usiwafundishe watoto, watapewa onyo siku ya mashindano.

#9 Askari Mmoja
#8 asante, nimejisahau. Sisi wa zamani tulifundishwa hivyo. Kukalia mikono bado halali.

#10 Hesabu Ngumu
#4 samahani ndugu yangu, naharibu sherehe. Machi 1, 2024 FIDE iliwapandisha wote wa chini ya 2000 kwa mkupuo, kwa sababu viwango vya chini vilikuwa vimeporomoka. Kanuni: chukua 2000, toa kiwango chako, zidisha kwa 0.4, jumlisha. Wewe ulikuwa 1400. 2000 kutoa 1400 ni 600. Mara 0.4 ni 240.

1400 + 240 = 1640.

#11 Mla Ubongo
Nimeanguka kitini. FIDE ndiyo iliyokukimbilia!

#12 Mkimbiaji wa Ngong
Wacha nicheke mwenyewe. Nimeenda kuangalia, ni kweli, zote 240 zilikuja siku moja. Tangu hapo nimepanda na kushuka, nimerudi palepale.

Sawa. Lakini nimepungua kilo 9, na zamani saa ya tatu ya mchezo nilikuwa nagawa sare ili niende nyumbani. Siku hizi nabaki. Hilo halionekani kwenye orodha.

#13 Nesi wa Zamu
Jamani mnazunguka mbuyu. Mtoa mada kasema mwenyewe alilala saa nane. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Huwa natatua mafumbo ya chesi kwenye simu, 20 kila siku, na naandika kwenye daftari la wanangu. Siku nilizolala kawaida napata 15 au 16. Nikitoka zamu asubuhi napata 15 pia! Ila tazameni jinsi ninavyokosa. Siku za kawaida nakosa magumu. Baada ya zamu, magumu napata, nakosa yale ya hatua moja, ambayo mwanangu wa darasa la tano anayaona akiwa amesimama nyuma yangu. Ndiyo huo malkia wa mtoa mada. Aliyechoka ujuzi anao bado, ila hahakiki tena. Sisi wodini ndiyo maana dozi tunahesabu watu wawili.

Mkuu, achana na mbio kwanza. Zima simu saa nne usiku.

#14 Ngome Mbovu
#13 dada, umenigusa. Hiyo ya kukosa yale mepesi ni mimi kabisa. Ila simu saa nne... ngumu.

#15 Mswahili wa Kibokoni
Waungwana, as-salaam alaykum. Huku kwetu Mombasa wazee wakiita sataranji, na huyo mnayemwita askari jina lake kitunda. Hilo ni pembeni.

Nataka niseme kuhusu njaa. Mwezi wa Ramadhani sisi twacheza mchana tukiwa na saumu, na usiku baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Siku tatu nne za mwanzo mchana hakuna mtu, kichwa chauma, farasi waona watatu. Kila mtu asema njaa. Mimi mwaka mmoja nilipunguza kahawa Shaaban yote, kikombe kimoja kimoja. Ramadhani ilipoingia kichwa hakikuuma kabisa, na kuanzia siku ya kwanza nikawapiga wote mchana. Kumbe haikuwa njaa, ilikuwa kahawa inadai haki yake. Na tumbo tupu lanifanya mwepesi. Uzito ni baada ya futari, viazi vya nazi vikishuka hapo sioni hata mfalme wangu yuko wapi.

Kwa hivyo swali si wala nini. Ni wala saa ngapi na kiasi gani.

#16 Daktari Kivuli
#15 hilo la kahawa lina mantiki, mwili uliozoea kafeini ukikatiwa ghafla unalipa kwa maumivu ya kichwa siku chache. Na kuna jaribio zuri la Mainz, Ujerumani, lilitoka 2017: wachezaji 39, wakapewa kwa nyakati tofauti kafeini au moja ya dawa mbili za kuchangamsha ubongo, modafinili na methilifenideti. Matokeo yanachekesha. Walifikiri kwa kina zaidi, wakatumia muda mwingi zaidi, wakaanza kupoteza kwa saa kuisha. Ukiondoa ile michezo iliyoisha kwa saa, walifanya vizuri zaidi. Dawa hizo mbili ni marufuku mashindanoni, kahawa si marufuku. Kwa hiyo mwenye tabia ya kukimbizwa na saa asiongeze kikombe.

#17 Mzee wa Drafti
Wajukuu, nimesoma yote. Mimi nimekaa kwenye drafti chini ya mwembe miaka 40. Bingwa wetu alikuwa fundi viatu, sigara haimtoki mdomoni, kahawa tangu alfajiri, kukimbia alikimbia mara moja tu, mgambo walipokuja. Kwenye drafti hajafungwa.

Na hao wenu wa chesi je? Lasker alikaa na ubingwa wa dunia miaka 27 na sigara zake nene. Tal alivuta mfululizo, akawa bingwa 1960 akiwa na miaka 23. Mnadanganyana na mbio.

#18 Kijana wa Mabibo
Shikamoo mzee. Tal huyohuyo mwaka uliofuata kwenye marudiano alipigwa na Botvinnik, bingwa wa kabla yake, huku figo zinamsumbua, na alifariki ana miaka 55. Na Botvinnik ndiye aliyekuwa na nidhamu ya mwili. Alipoona moshi wa wapinzani unamchanganya, alicheza mechi za mazoezi na rafiki yake Ragozin, akamwambia ampulizie moshi usoni makusudi, ili azoee.

#19 Mzee wa Drafti
Marahaba mjukuu. Sasa hapo nani kaeleza habari ya afya, mtu anapulizwa moshi?

#20 Hesabu Ngumu
Mzee kashinda hiyo.

Ila mzee, tukihesabu wavutaji walioshinda, tuhesabu na wavutaji walioshindwa. Enzi zile walivuta karibu wote, kwa hiyo bingwa alikuwa lazima atoke humohumo.

#21 Kampala Kwetu
Bassebo, mimi nasoma tu Kiswahili chenu nafurahi. Mmetaja Carlsen, mmetaja Urusi. Kuja hapa jirani. Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda hapa Kampala, mnamjua? Alimfuata kaka yake mpaka kwenye kibaraza cha mwalimu wa chesi Robert Katende, na watoto walikuwa wanakwenda pale kwanza kwa sababu ya kikombe cha uji. Chesi ilikuja nyuma ya uji. 2010 msichana huyo anachezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi Khanty-Mansiysk, Siberia.

Nyinyi mnauliza mtu apunguze nini. Sisi Katwe swali lilikuwa mtoto aongezewe nini.

#22 Nesi wa Zamu
#21 hii imenifanya nikae kimya kidogo. Asante.

#23 Askari Mmoja
#21 nakubali kwa asilimia mia. Darasa langu la Jumamosi nililihamisha kutoka saa saba kwenda saa nne asubuhi kwa sababu hiyo. Saa saba wengine walikuwa hawajala kitu tangu jana yake, na mimi nawalaumu kuwa hawasikilizi. Tulipoanza kuchangishana wazazi kwa ajili ya uji wa lishe, kelele zilipungua. Kama chesi yao ilipanda kwa sababu ya uji au kwa sababu ya saa nne, siwezi kutenganisha.

#24 Jirani wa Berlin
Mmesahau hewa. Kuna wachumi walipima hewa ya ukumbini kwenye mashindano ya chesi hapa Ujerumani, miaka kadhaa, wakalinganisha na makosa yaliyopatikana kwa kompyuta. Siku vumbi laini likiwa juu, makosa yaliongezeka, na zaidi pale mchezaji anapobanwa na saa. Wachezaji walewale, ukumbi uleule. Mtoa mada, ukumbi wenu ukoje mchana?

#25 Ngome Mbovu
Bati, feni mbili, moja inazunguka ikijisikia. Madirisha upande mmoja, na chini yake ndipo mama anapokaanga chipsi kwa mkaa.

#26 Mla Ubongo
CHIPSI TENA. Hata usipozila zinakufuata kwa moshi.

#27 Mkimbiaji wa Ngong
Na nyumbani je, wale mnaotatua mafumbo usiku na dawa ya mbu ya kuwasha iko chini ya meza?

#28 Nesi wa Zamu
#27 umenivua nguo hadharani. Ipo. Napendelea moshi kuliko malaria, samahani.

#29 Kijana wa Mabibo
Kwa waliosema mwili hauna kazi: Tunde Onakoya wa Nigeria, Aprili 2024, Times Square, New York, saa 60 mfululizo na mpinzani wake Shawn Martinez. Chesi tupu. Akili gani hiyo bila mwili?

#30 Hesabu Ngumu
Hiyo inathibitisha anaweza kukaa macho saa 60. Haithibitishi kwamba saa ya 58 alicheza vizuri kuliko saa ya 2. Nampa heshima zake zote, alichangisha fedha za watoto kusoma. Lakini kwa swali letu haisaidii.

#31 Jirani wa Berlin
Mnaotaka kupima mwili na akili kwa pamoja, kuna chesi-ngumi. Mechi ya kwanza ya ubingwa wa dunia ilikuwa Amsterdam 2003, mchezo wenyewe aliuanzisha msanii Mholanzi, Iepe Rubingh. Raundi ya chesi, raundi ya ngumi, mnabadilishana. Nimetazama moja hapa. Jamaa alikuwa na nafasi nzuri sana ubaoni, akapigwa konde la taya, aliporudi kwenye chesi akampa farasi bure.

#32 Mla Ubongo
Sawa na Ngome Mbovu, tofauti yeye alipigwa na mayai.

#33 Ngome Mbovu
Wakuu, wiki tatu zimepita, narudi na mrejesho.

Mbio zilinishinda siku ya pili, mbwa wa mtaa wa pili walinifanya nivunje rekodi yangu halafu nikaacha. Nikahamia kutembea, nashuka kituo kimoja kabla, kama dakika 35 jioni. Simu nazima saa nne na nusu (dada #13 nisamehe hiyo nusu). Wikiendi hii nilibeba chakula changu: viazi vitamu viwili, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi na maji lita moja. Maji yalikuwa kosa. Raundi ya 4 nimekwenda chooni mara tatu saa yangu ikiendelea.

Matokeo: pointi 3 na nusu kati ya 6. Zamani ilikuwa 3. Jumapili nimepata 1 na nusu, mwanzoni nilikuwa napata 1 au nusu.

Raundi ya 6 ndiyo inayoniuma. Ngome na askari mmoja wake, mimi ngome tupu. Sare kabisa ile, mfalme wangu yuko mbele ya askari. Nikapoteza.

#34 Askari Mmoja
Weka nafasi. Ngome yako ilikuwa mstari wa ngapi?

#35 Ngome Mbovu
Mstari wa sita ukihesabu kutoka kwake, palepale panapotakiwa. Askari wake yuko wa tano. Mimi nikaishusha ngome nyuma kwenda kumpa mfalme wake misukosuko kabla askari hajasogea.

#36 Askari Mmoja
Basi hapo ndipo. Hiyo ni nafasi ya Philidor. Ngome inakaa mstari wa sita kumzuia mfalme wake asipande. Unasubiri. Unaisogeza kushoto, kulia, mpaka askari mwenyewe aingie mstari wa sita, ndipo unashuka nyuma kabisa, maana sasa mfalme wake hana pa kujificha. Wewe ulishuka mapema, mfalme akapanda. Hata hapo ilikuwa bado inaokoka, mfalme wako aende upande mfupi, ulio karibu na ukingo wa ubao, na ngome ibaki upande mrefu, ila ni shughuli.

Nilisema tangu #3. Hayo si mambo ya viazi vitamu.

#37 Ngome Mbovu
Mwalimu, Philidor naijua. Nimewaonyesha vijana wawili klabuni mwezi uliopita kwa mikono yangu hii.

#38 Nesi wa Zamu
Ndiyo nilichosema mimi: ujuzi upo, kuhakiki hakuna. Ilikuwa saa ngapi?

#39 Ngome Mbovu
Saa kumi na mbili kasoro. Umeme ulikuwa umekatika, feni zote kimya.

#40 Jirani wa Berlin
Hewa.

#41 Mkimbiaji wa Ngong
Pumzi. Ungekimbia.

#42 Mswahili wa Kibokoni
Kahawa ya mwisho ulikunywa saa ngapi?

#43 Hesabu Ngumu
Mashindano mamoja, nusu pointi ya nyongeza. Hata ningekuwa nimelala kaburini tofauti hiyo inaweza kuja yenyewe. Cheza mengine kumi ndiyo tuongee.

#44 Mzee wa Drafti
Mjukuu, mpinzani alikuwa nani? Kijana au mtu mzima?

#45 Ngome Mbovu
Mtu mzima mzee wangu, miaka 60 na kitu. Alitoka nje kuvuta mara mbili.

#46 Mzee wa Drafti
Haya.

#47 Askari Mmoja
Mkuu, mwisho wa mwezi nashuka Dar. Tuipange nafasi hiyohiyo, uicheze mara kumi asubuhi na mara kumi saa kumi na mbili jioni, mimi nitakuwa mweupe. Ubao ninao, saa sina.

#48 Ngome Mbovu
Saa ninayo, inataka betri. Nitanunua.

#49 Mla Ubongo
Na mimi nakuja kutazama. Chakula cha mchana kinatoka wapi?